Kasoro ndogo ya pua: Ipi itibiwe, ipi iachwe?

SIFA zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu na kumpa sura aipendayo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tuzungumzie jambo linaloonekana dogo ilhali limeingia katika nyumba nyingi. Binti anakaribia kuolewa, naye ana nundu ndogo juu ya mwamba wa pua. Kijana aligongwa usoni katika mchezo wa mpira, pua ikapona lakini imepinda kidogo. Mmoja anasema iende hospitali, wa pili anasema ni kubadilisha maumbile ya Allah, wa tatu ameshaona tangazo la sindano inayonyoosha pua kwa nusu saa. Familia hubaki imegawanyika, na mwenye pua hubaki na huzuni yake.

Jambo la kwanza ni kujua kasoro hiyo imetoka wapi, kwa sababu tiba na hukumu ya sheria hufuata chanzo chake.

Ikiwa imetokana na pigo, iwe ni ajali ya pikipiki, kuanguka au mpira, basi wakati ni muhimu kuliko pesa. Mfupa wa pua uliovunjika unaweza kurudishwa mahali pake na daktari bila ya kupasua, mradi mgonjwa afike mapema. Kwa mtu mzima muda huo ni takriban wiki mbili, na kwa mtoto ni mfupi zaidi kwa kuwa mifupa yake huunga haraka. Aidha, yapo madhara yasiyongoja hata siku hizo. Baada ya pigo, damu inaweza kujikusanya ndani, katika ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Dalili zake ni pua kuziba, maumivu kuzidi na uvimbe laini kuonekana ndani ya tundu. Damu hiyo isipotolewa upesi, gegedu hufa katika siku chache na pua hudidimia. Mzazi anayempaka mtoto mafuta na kumwambia atapoa, huenda anaigeuza ajali ya siku moja kuwa ulemavu wa maisha.

Ikiwa ni kitu kilichoota juu ya ngozi, kisikatwe nyumbani wala kuunguzwa kwa dawa za mtaani. Kivimbe kinachotokea kwenye tundu la kipini mara nyingi hutokana na msuguano au uchafu, na hutulia tundu likisafishwa na kuachwa bila ya kuchezewa. Lakini likiwa ni kovu linalozidi kukua, yaani keloidi, kulikata peke yake huweza kulirudisha likiwa kubwa kuliko mwanzo. Kwa hiyo madaktari huanza na sindano za kulinywesha kovu. Ama kidonda au kipele cha pua kisichopona kwa wiki kadhaa, au kinachotoa damu mara kwa mara, hicho si suala la urembo. Kionwe na daktari, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao hushambuliwa na saratani kwa urahisi kutokana na jua.

Imebaki ile nundu ya kuzaliwa nayo, au pua iliyokwisha kupona ikiwa na mkunjo mdogo. Hapa njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuiacha. Hii nayo ni rai ya kitabibu. Daktari mwaminifu huitaja mwanzo pale anapoona pua inapitisha hewa vizuri na kasoro haionekani ila kwa mwenye kuitafuta.

Njia ya pili ni sindano ya kujazia. Inayotumika sana ni asidi ya hayaluroniki, inayowekwa juu na chini ya nundu ili mstari wa pua uonekane umenyooka. Msomaji aelewe kwamba sindano hiyo haipunguzi kitu, huongeza tu. Nayo huyeyuka yenyewe baada ya miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi, kisha gharama huanza upya. Hatari yake ni adimu lakini ni nzito. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ile ya jicho, na dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuua ngozi ya pua au kumpofua mtu. Kwa ajili hiyo haifai kuchomwa saluni wala na mtu asiye daktari mwenye ujuzi, aliye na kimeng'enya cha kuiyeyusha papo hapo.

Njia ya tatu ni upasuaji. Daktari husugua mfupa au kupunguza gegedu, na mara nyingine hunyoosha ukuta wa ndani uliopinda. Mgonjwa hulazwa usingizi, huvaa kifunika pua kwa takriban wiki moja, na uvimbe wa ncha ya pua huweza kuchukua mwaka mzima kuisha. Wapo wanaolazimika kurudia. Tena upasuaji wa umbo haufanywi mpaka uso ukome kukua, yaani karibu na miaka 15 au 16 kwa wasichana, na 17 au 18 kwa wavulana.

Ama vibanio vya plastiki vinavyouzwa kwa madai ya kuchongoa pua, havibadilishi mfupa wala gegedu. Na desturi ya kumkanda mtoto mchanga pua ili isimame haina faida, tena ina hatari, kwani mtoto wa umri huo hutegemea pua kwa kuvuta pumzi.

Sasa sheria yasemaje? Ndugu zangu, katika Sunna imo habari inayohusu pua yenyewe. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu. Habari hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Tuzingatie kwamba dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini haja ya kuondoa dhara ilifungua mlango.

Kwa upande wa pili, katika hadithi sahihi ya Ibn Mas'ud wamelaaniwa wanaochanja mwili na wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo, wakibadilisha alivyoumba Allah. Wanazuoni wameziweka habari hizi mbili pamoja, wakatofautisha baina ya kuondoa dhara na kutafuta uzuri wa ziada. Mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likapitisha azimio juu ya upasuaji wa urembo. Liliruhusu kurudisha kiungo katika umbo lake baada ya ajali au maradhi, na kurekebisha kasoro za kuzaliwa zenye kuleta dhara la mwili au la nafsi, ikiwemo pua iliyopinda sana. Likazuia upasuaji wa kubadili sura ya kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Kwa hiyo kijana aliyevunjika pua hana lawama akiinyoosha, wala asiyepumua vizuri. Mwenye nundu ndogo ya ukoo, aliyoirithi kwa babu yake, hana ugonjwa, na sura ya kawaida haitakiwi kuguswa. Aliye baina ya hawa wawili, ambaye huzuni imemzuia kutoka nyumbani au kusoma, amwendee daktari na mwanazuoni kwa pamoja, asihukumiwe barazani.

Nasi wazazi tujiulize huzuni hiyo ilianzia wapi. Mara nyingi haikuanzia kwenye kioo. Ilianzia kwa mjomba aliyezoea kumwita mtoto kwa pua yake, na kwa wifi aliyecheka harusini. Allah ametukataza katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Tiba hii haina gharama, wala haihitaji kulazwa.

Anayeamua kutibiwa aende kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, katika hospitali inayotambulika. Aulize dawa imetengenezwa kwa kitu gani, na gharama ya kurudia ni ipi. Amuulize pia mwalimu wake namna ya kutawadha akiwa na bandeji, na namna ya kusali siku ambazo daktari amemkataza kuinama, kwani pua huwekwa chini pamoja na paji la uso katika sijda, na dini imemfanyia mgonjwa wepesi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, na azihifadhi ndimi zetu zisiwajeruhi watoto wetu. Wallahu a'lam.