Samaki wa mapambo Bujumbura: Tangi moja, matumbo tofauti

BUJUMBURA — Mzigo wa ndagala waliokaushwa ukikwama mpakani kwa siku mbili, bado ni ndagala na bado una bei. Boksi la samaki hai wa mapambo halina bahati hiyo. Kwa kawaida mnunuzi wa Ulaya au Asia hulipia samaki waliofika wakiwa hai. Waliokufa njiani ni hasara ya aliyewatuma, na nauli ya ndege hairudi.

Hasara hiyo inapotokea, lawama huangukia shirika la ndege, wakala wa forodha au dereva. Hata hivyo, mara nyingi chanzo chake ni cha siku kadhaa kabla ya safari. Huanzia ndani ya tangi la kuhifadhia, pale samaki wa aina mbalimbali wanapowekwa pamoja na kulishwa chakula kimoja.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo lina uzito kwa anayefanya biashara hii katika Ziwa Tanganyika, na linavyoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo.

Biashara ya zaidi ya miaka 50

Bujumbura si mgeni katika soko hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alifungua nchini Burundi kituo cha kukamata na kusafirisha samaki wa mapambo. Kitabu chake kuhusu samaki wa Ziwa Tanganyika kilichotoka mwaka 1978, na kingine kikubwa zaidi cha mwaka 1989, viliwafanya wafugaji wa nje wawafahamu samaki hao. Aina mbili za samaki wa ziwa hilo, Neolamprologus brichardi na Tropheus brichardi, zimepewa jina lake.

Ziwa lenyewe linamilikiwa na nchi nne. Burundi ina takriban asilimia 8 tu ya eneo lake, na sehemu kubwa iko Kongo na Tanzania. Lina jamii zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi, ambao ndio hasa wanaotafutwa na wafugaji wa nje, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Katika soko hutambuliwa kwa majina ya kisayansi, yakifuatwa na jina la mahali walipokamatwa.

Wingi huo wa aina ndio mtaji wa biashara hii. Ndio pia unaoleta tatizo la chakula, kwa sababu kila aina ilijipatia njia yake ya kula ili isigombanie riziki na jirani.

Nani anakula nini

Kwa mfanyabiashara, samaki hao wanaweza kugawanywa katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni wala mwani. Tropheus, ambao ni kati ya samaki maarufu zaidi wa ziwa hili sokoni, hushinda mchana kutwa wakikwangua mwani laini unaoota juu ya mawe karibu na ufuko. Chakula hicho kina nguvu kidogo, kwa hiyo utumbo wao ni mrefu, mara kadhaa ya urefu wa mwili, na huchukua muda kukisaga.

Kundi la pili ni wanaokula wadudu, kamba wadogo na makinda ya samaki wengine, kama Julidochromis na Altolamprologus. Utumbo wao ni mfupi na huhitaji protini nyingi.

Kundi la tatu ni wala samaki. Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu kichwani, ni mkubwa, mzito na mpole wa mwendo, lakini humeza samaki wadogo wakati wa mwanga hafifu wa alfajiri. Kuna wafugaji waliowaweka pamoja na Cyprichromis wembamba na asubuhi wakakuta idadi imepungua, bila maiti hata moja ndani ya tangi.

Kundi la nne ni wachekecha mchanga, kama Xenotilapia, wanaookota chakula chini. Kundi la tano ni gogogo wa jenasi Synodontis, ambao hutoka zaidi giza linapoingia.

Kosa linalogharimu

Anayelisha tangi lenye makundi yote hayo hushawishika kutumia chakula cha bei nafuu kilicho karibu, kama vile ndagala waliosagwa, kamba au moyo wa ng'ombe. Wala nyama hunawiri. Tropheus nao hukimbilia chakula hicho, tena kwa kasi kuliko wote, kwa kuwa ni walafi na wepesi. Wanamaliza sehemu ya frontosa kabla hajageuka.

Hapo ndipo balaa huanza. Chakula kizito chenye protini nyingi hukaa muda mrefu katika utumbo uliozoea mwani. Usagaji huvurugika, vijidudu huongezeka, tumbo huvimba na samaki huacha kula. Wafugaji huuita ugonjwa huo uvimbe wa tumbo, na unaweza kumaliza kundi zima la Tropheus kwa muda mfupi. Msukosuko wa kukamatwa na kubanana katika tangi huongeza hatari.

Ubaya wake ni kwamba samaki huyo huweza kuonekana mzima siku ya kufungashwa. Hufia angani au wiki moja baada ya kupokelewa, na jina la aliyemtuma huharibika pamoja naye.

Kinyume chake pia ni hasara. Tangi likilishwa mwani pekee, wala nyama hukonda na kuanza kung'ata mapezi ya wenzao. Samaki mwenye pezi lililochanika hushuka bei.

Ratiba inayofaa

Suluhisho bora ni kutenga matangi: wala mwani peke yao, wala wadudu peke yao na wala samaki peke yao. Kutenga kuna faida nyingine ya kibiashara. Tropheus wa Nyanza-Lac si bidhaa sawa na Tropheus wa upande wa Kongo au wa Kigoma. Mnunuzi hulipia mahali, na kundi lililochanganywa hupoteza thamani hata kama samaki wote ni wazima.

Penye uhaba wa matangi, kanuni ni kulisha kwa kufuata utumbo dhaifu kuliko yote. Chakula cha msingi kiwe cha spirulina au majani ya kijani, ambacho wala wadudu wanaweza kukivumilia kwa siku chache. Wala mwani hawawezi kuvumilia nyama.

Utaratibu ni huu. Kwanza, vipande vya spirulina hutupwa upande mmoja wa tangi ili kuwavuta Tropheus. Wakati wameshughulika, punje zinazozama haraka hutiwa upande wa pili kwa ajili ya wala wadudu na wachekecha mchanga. Frontosa na gogogo hupewa chakula chao baada ya taa kuzimwa, Tropheus wakiwa wametulia. Kila mlo uwe mdogo, wa kumalizika ndani ya dakika mbili au tatu. Kinachobaki huondolewa, kwani huoza na kuchafua maji.

Tahadhari moja haina mbadala: frontosa wakubwa na samaki wadogo wembamba wasikae tangi moja, hata kwa usiku mmoja.

Kabla ya safari, njaa ni kinga

Sehemu inayowahusu wasafirishaji moja kwa moja ni siku za mwisho. Samaki hawalishwi kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kufungashwa. Wakubwa na wala mwani wenye utumbo mrefu huhitaji muda zaidi. Samaki mzima havumilii vibaya njaa ya siku hizo, lakini uchafu wake ndani ya mfuko humuua.

Sababu ni amonia, inayotokana na kinyesi na kupitia mashavu ya samaki. Ukali wake hutegemea pH ya maji. Katika nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8 ni takriban asilimia 5, na ikifika 9 huzidi theluthi moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya kati ya 8.6 na 9.2. Kwa hiyo kosa dogo la chakula, ambalo samaki wa mito yenye maji laini angelistahimili, kwa samaki wa hapa ni kifo.

Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya ukaa inayotolewa na samaki hushusha pH na kupunguza makali ya amonia. Mfuko unapofunguliwa, hewa hiyo hutoka, pH hupanda na sumu hurudi ghafla. Ndiyo maana mpokeaji anatakiwa kulinganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha kuwahamisha samaki haraka na kuyamwaga maji ya safari.

Hesabu ya nauli

Mfuko wa samaki hujazwa theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, kisha huwekwa katika boksi la povu linalozuia joto. Shirika la ndege hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, kutegemea upi ni mkubwa. Kwa kipimo kilichozoeleka cha kilo moja kwa kila sentimita za ujazo 6,000, boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 huhesabiwa kilo 12, hata likiwa jepesi kuliko hapo.

Maana yake ni kwamba nauli ni ileile, samaki wafike hai au wafu. Nusu ya mzigo ikifa, gharama ya kumfikisha kila samaki aliye hai huwa mara mbili.

Vivyo hivyo kwa mzigo unaoingia Bujumbura kutoka Rumonge, Nyanza-Lac au ng'ambo ya mpaka. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, lakini uanachama hauondoi cheti cha afya, kibali cha usafirishaji wala kanuni za IATA za wanyama hai. Nyaraka zikamilike kabla samaki hawajaanza kufungishwa chakula. Wakifungishwa kisha safari ikaahirishwa, wala mwani warejeshewe chakula kidogo kidogo. Kuwashibisha kwa pupa baada ya njaa ni kurudi kwenye kosa lilelile.

Kwa ufupi, kabla ya kumuuliza wakala kuhusu ndege, mwenye mzigo aanze kumuuliza mlishaji maswali matatu: tangi hili lina nani na nani, walikula nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini.