Klachi ikikataa, usikubali haraka gia boksi ishushwe

Hebu fikiria, msomaji, ni Jumamosi asubuhi. Watoto wamekwisha kupanda nyuma, mama amepakia chupa ya chai na chapati, nawe umeketi kwenye usukani wa Land Rover yako ya zamani tayari kwa safari ya kwenda kumwona nyanya. Unakanyaga klachi utie gia. Mguu unazama hadi sakafuni kana kwamba umekanyaga hewa. Unajaribu gia ya kwanza, inakwaruza: krrr! Rivasi ndiyo haitaki kabisa.

Fundi anaitwa, naye kabla hata ya kuinama anasema, "Klachi imeisha. Lazima gia boksi ishuke."

Yalitufika hayo mjini Narok, tukiwa na Land Rover 110 ya mjomba wangu, ya mwaka wa 1986. Gereji tuliyoingia ilishusha gia boksi na kutia klachi pleti mpya. Tulilala huko siku mbili, tukalipa, tukaondoka. Hata hatukuwa tumeenda mbali pedali ikazama tena! Kumbe kilichoharibika ni raba moja ndogo, ya ukubwa wa sarafu, ndani ya silinda. Tulikuwa tumelipia ng'ombe mzima wakati haja yetu ilikuwa kikombe cha maziwa.

Basi kabla hujafungua mkoba, jua kwamba klachi huwa na magonjwa mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuteleza. Injini inanguruma lakini gari halipandi mlima, na pengine kuna harufu ya kuungua. Hapo pleti imelika na fundi ana haki yake. La pili ni kukataa kuachia. Gia haziingii injini ikiwa inaendelea, lakini ukiizima zinaingia bila taabu. Hapo shuku kwanza mafuta.

Je, mafuta yanahusikaje? Katika magari haya pedali haivuti waya. Inasukuma fimbo fupi ndani ya silinda ya juu, ile mafundi wanayoiita masta, iliyo kwenye ukuta wa injini upande wa dereva. Masta husukuma mafuta ya breki kwenye bomba hadi silinda ya chini, slevu, iliyofungwa ubavuni mwa kifuniko cha chuma kilicho kati ya injini na gia boksi. Slevu husukuma uma wa chuma, na uma ndio unaoachanisha klachi. Mafuta yakivuja au hewa ikiingia, nguvu ya mguu wako hupotelea njiani.

Fungua boneti utazame kikombe cha mafuta ya klachi. Usikichanganye na cha breki. Kama kimepungua, mafuta hayo yametokea mahali. Chukua tochi, inama chini ya usukani, upapase pedali kwa juu. Ukikuta unyevu unaotiririka kuelekea kwenye zulia, mgonjwa ni masta.

Kama ni pakavu, ingia chini ya gari. Lakini tafadhali, weka mawe kwenye magurudumu kwanza! Hendibreki ya 110 hushika shafti iliyo nyuma ya gia boksi, si magurudumu yenyewe, na ukiinua gurudumu moja kwa jeki gari laweza kuondoka nawe ukiwa chini. Chini ya kile kifuniko cha chuma kuna tundu dogo. Likiwa limezibwa kwa parafujo, ifungue. Yakidondoka mafuta mepesi kama maji, slevu inavuja. Yakiwa mazito na meusi, hayo ni ya injini, na hiyo ni kesi nyingine.

Na pasipovuja popote? Mwambie kijana akanyage pedali nawe utazame mpira wa bomba. Ukivimba, umechoka. Kisha kanyaga haraka haraka mara nne au tano. Gia zikikubali baada ya hapo, yaelekea kuna hewa ndani au raba za masta zimelika. Pedali ikizama polepole ukiwa umeikanyagia, basi mafuta yanapita kando ya raba ndani ya masta yenyewe, na hutaona hata tone nje. Hiyo ndiyo iliyotuponza Narok.

Lakini pedali ikiwa ngumu, kikombe kimejaa, na bado gia zinakataa, huenda ule uma umetoboka. Katika Land Rover hizi jambo hilo linajulikana sana. Hapo kweli gia boksi itashuka, wala usimlaumu fundi.

Ushauri wangu ni kubadilisha masta na slevu pamoja, kwani moja ikifa nyingine haikawii. Baada ya hapo hewa lazima itolewe, kazi ya watu wawili: mmoja kwenye pedali, mwingine chini akifungua na kufunga nati ya slevu. Na usije ukajaza mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, hata kama umekwama porini. Raba zitavimba zote.

Mjomba sasa hubeba kopo la mafuta hayo na raba za akiba chini ya kiti. Ile pleti iliyotolewa Narok alikataa kuiacha gereji. Iko sebuleni kwake hadi leo, unene wake haujapungua sana, na kila fundi anayemtembelea huonyeshwa kabla ya kuletewa chai.