Kumchagulia Mtoto Kitu cha Kuchezea

  Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni vitu vya kuchezea.

Pengine mtu atauliza, "Je, hayo ni mambo ya kuzungumzwa katika kipindi hiki?" Naam, ni mambo yake. Nabii Zekaria alipowaeleza watu jinsi Yerusalemu utakavyokuwa baada ya taabu zake, aliwataja wazee wenye mikongojo wameketi katika njia za mji, kisha akawataja wavulana na wasichana wakicheza humo humo (Zekaria 8:4-5). Kwa nabii, mchezo wa watoto ulikuwa dalili ya mji wenye amani. Basi tusione haya kuuliza: mtoto wetu acheze na nini, ili akili yake ipate kukua?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya fedha. Mwisho wa mwezi mzazi aingia dukani na mshahara uliokwisha kugawanywa kwa kodi, unga na karo. Aona kichezeo cha plastiki kinachowaka taa na kuimba, na juu ya boksi lake pameandikwa kwamba kitamfanya mtoto awe mwerevu. Bei yake ni kama chakula cha juma zima. Akikinunua, nyumbani watapungukiwa. Asipokinunua, arudi na moyo mzito akifikiri, "Mwanangu ataachwa nyuma na watoto wa matajiri." Wazee wetu walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Hebu basi tuchunguze, tujue kilicho chema na kilicho kipya tu.

Kwanza tuelewe jinsi mtoto anavyojifunza. Mtoto mchanga hajifunzi kwa kuelezwa. Hujifunza kwa mikono, macho, masikio na kinywa chake. Mama humpa kijiko, naye akiangusha. Mama humwokotea, naye akiangusha tena. Huo si utundu. Mtoto anachunguza: je, kila nikiachilia, kitaanguka? Kitalia vipi kikigonga sakafu? Mama atafanya nini? Mtoto wa miezi mitatu ukimfichia kitu, kwake ni kama kimetoweka. Lakini akikaribia miezi minane au tisa, ukikificha kijiko chini ya leso, atainua leso akitafute. Amekwisha kujua kwamba kitu kipo hata kisipoonekana. Hilo ni somo kubwa, na vifaa vyake ni leso na kijiko.

Kwa sababu hiyo, kanuni yetu ya kwanza ni hii: chagua kitu ambacho mtoto ndiye atakayekifanyia kazi. Kichezeo kinachofanya kila kitu chenyewe humwacha mtoto akitazama tu. Hubonyeza kitufe, wimbo ukalia, na baada ya siku chache amekichoka. Lakini mpe vipande vya mbao. Leo atajenga nyumba, kesho daraja, na kesho kutwa atavipanga viwe ng'ombe waendao mtoni. Mnara ukianguka, atajifunza kwamba kipande kikubwa chafaa kukaa chini. Kitu kimoja kimempa kazi za namna nyingi.

Alilijua hilo Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka wa 1782, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki yeye akiwa angali mtoto mchanga. Alipokuwa mtu mzima alianzisha mahali pa kulelea watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka wa 1837, na mwaka wa 1840 akapaita "bustani ya watoto". Vifaa alivyowapa vilikuwa vya kawaida kabisa: mipira ya sufu ya rangi mbalimbali, tufe la mti, mche wa mraba, na mche mwingine uliogawanywa kuwa vipande 8 vidogo. Kwa vipande hivyo 8 mtoto alijifunza nusu na robo kabla ya kujua maneno hayo. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka wa 1851, naye Froebel akafa mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa mwaka wa 1860, na leo shule zetu za chekechea hapa Kenya ni matawi ya mti ule.

Kanuni ya pili: chagua kulingana na umri. Aliye chini ya mwaka mmoja afaa kitu cha kushika, kutikisa na kugonga: sufuria na mwiko, kitambaa laini, au chupa ya plastiki yenye mahindi ndani, iliyozibwa imara. Wa mwaka mmoja hadi mitatu hupenda kutia na kutoa, kufunga na kufungua, kusukuma na kuvuta. Mpe mikebe ya ukubwa mbalimbali isiyo na makali, aitie mmoja ndani ya mwingine. Wa miaka mitatu hadi sita huanza kuigiza. Gunzi la mahindi likifungwa kitambaa huwa mtoto mgongoni, na boksi huwa matatu yenye utingo na abiria. Msimcheke. Anapofanya gunzi liwe mtoto, anajifunza kwamba kitu kimoja chaweza kusimama badala ya kingine, na hilo ndilo atakalolihitaji siku ya kuambiwa kwamba alama fulani ubaoni ni sauti "a".

Na aliye mkubwa zaidi? Mpelekeni kwa babu akafundishwe bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huhesabu, hufikiri kete zitaishia wapi, na hutazama mbele mwenzake atajibu nini. Hiyo ni hesabu, na subira ndani yake. Vilevile gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu, na mpira wa majani ya migomba, ni kazi ya ufundi. Mtoto aliyelitengeneza gari lake mwenyewe amepima, amekosea, amefungua na kurekebisha. Wasichana nao wapewe waya na mbao, na wavulana wasizuiwe kubeba mtoto wa gunzi. Akili haikugawanywa hivyo.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: kichezeo hakimtoshi mtoto pasipo mtu. Twaomba mtusikilize vizuri hapa.

Katika nchi ya Jamaika, mnamo miaka ya 1986 na 1987, wataalamu walianza kazi kati ya familia maskini za mji wa Kingston. Walichukua watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya mara moja kwa juma, muda wa saa moja hivi, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vichezeo vilivyotengenezwa kwa mkono, akamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake, akaviacha hapo, na juma lililofuata akavibadilisha. Baada ya miaka 20 watoto wale, sasa watu wazima, walitafutwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014: waliotembelewa walikuwa wakipata mapato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakutembelewa. Wale waliopewa maziwa ya ziada peke yake hawakuonyesha faida hiyo ya kudumu.

Je, mwaona, ndugu? Maisha ya watoto wale hayakubadilishwa na kichezeo cha bei ghali. Yalibadilishwa na mama aliyeketi chini na mwanawe, akamwambia, "Hiki ni chekundu. Kiko wapi kingine kama hiki?"

Tena, mwaka wa 2016 kulichapishwa huko Marekani uchunguzi mdogo wa wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Walipocheza na vichezeo vya umeme vyenye sauti na taa, wazazi walisema maneno machache kuliko walipotazama vitabu pamoja, na watoto nao walitoa sauti chache zaidi. Maana yake ni kwamba kitu kile kikizungumza, mzazi hunyamaza. Na simu tunayompa mtoto ili atulie? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Kanuni ya nne ni usalama. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Kwa hiyo gololi, vizibo vya soda, maharagwe na vipande vya puto lililopasuka visikae karibu naye. Njia rahisi ya kupima ni hii: kitu kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Jihadharini sana na betri ndogo bapa zinazofanana na kifungo. Mtoto akiimeza, yaweza kumchoma koo ndani ya saa 2 tu. Msingoje asubuhi, mpelekeni hospitalini mara moja. Vipande vya mbao kutoka kwa seremala vipigwe msasa kwanza, na vitu vyenye rangi inayobanduka tusimpe mtoto.

Basi, wapenzi wasikilizaji, mkiwa dukani jiulizeni mambo manne. Je, mtoto ndiye atakayefanya kazi, au ni kichezeo? Je, chafaa umri wake? Je, ni salama? Na je, kitatuketisha pamoja, au kitatutenga? Mkiona majibu ni mema na fedha zipo, nunueni kwa furaha. Fedha zikiwa hazipo, msirudi nyumbani na huzuni. Jikoni mna sufuria, kwa seremala mna mabaki ya mbao, shambani mna magunzi.

Na makanisa yetu yaweza kusaidia. Kila darasa la watoto la Jumapili liwe na sanduku moja la vichezeo vilivyotengenezwa na washirika. Familia ichukue kimoja, ikirudishe juma lijalo, ichukue kingine, kama walivyofanya Jamaika. Seremala alete mbao, mshonaji alete vitambaa, wazee walete bao. Gharama yake ni ndogo, na hakuna mtoto atakayeona kwamba yeye ni maskini kuliko mwenzake.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, keteni chini dakika kumi pamoja na mtoto wenu. Mwacheni yeye achague mchezo, nanyi mumfuate.