Fundi wa nyumbani: chunga hewa, macho, mgongo na muda wako



Ndugu msomaji, leo tuzungumzie afya ya wale wanaofanyia kazi zao nyumbani. Wapo wengi miongoni mwetu: mama anayeshona madera na kanzu, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, kijana anayefanya kazi za kompyuta sebuleni. Kazi hizi zina heri nyingi. Mtu hatoi nauli, halipi kodi ya fremu, na watoto wake anawaona. Lakini nyumba haikujengwa iwe karakana wala ofisi. Tusipoipangia kazi mahali pake na wakati wake, itatuletea maradhi, kisha itaimeza nyumba yenyewe.

Mwezi wa Shaabani mwaka jana alikuja zahanati mama mmoja mwenye umri wa miaka 43, fundi cherehani, ambaye ameniridhia niyaeleze yake bila kumtaja jina. Oda za Idd zilikuwa zimeanza kumiminika. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Kichwa, daktari. Kichwa kinanimaliza." Alikuwa amemeza dawa za maumivu karibu kila siku kwa wiki tatu. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Presha yake ilikuwa sawa.

Nikamuuliza, "Siku ambazo hushoni, kichwa kinauma?" Akafikiri kidogo. "Ijumaa sishoni. Ijumaa huwa mzima." Nikamuuliza tena kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa hivyo. Akasema binti yake wa miaka 12, anayemsaidia kushona vifungo, naye hulalamika kichwa na kichefuchefu.

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonipa mwanga. Mama huyu alikuwa anashonea chumbani, pembeni ya kitanda. Dirisha alilifunga ili vumbi lisichafue vitambaa vyeupe vya kanzu. Na pembeni yake, muda wote, kulikuwa na pasi ya mkaa iliyowashwa.

Hewa ya chumba

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Wengi hudhani kuwa mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, basi hatari nayo imekwisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa sumu hiyo.

Ukiivuta, huingia kwenye damu na kujishika kwenye chembe nyekundu mahali ambapo ilipaswa kukaa oksijeni. Nayo hujishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Matokeo yake ubongo na moyo hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ndiyo maana watu huidhania malaria. Ikizidi, mtu hupoteza fahamu na hufariki. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi. Alama kubwa ya kuitambua ni hii: watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Kwa hiyo, pasi ya mkaa iwashwe na itumike uwani au barazani, isiletwe ndani ya chumba kilichofungwa. Shona nguo kadhaa, kisha toka nje uzipige pasi kwa pamoja. Jenereta nayo, umeme unapokatika, isiwekwe ndani wala karibu na dirisha. Ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye mkaa, mtoe nje haraka kwenye hewa safi, nawe usikae humo, kisha mkimbize hospitali ili apewe oksijeni.

Aidha, pasi isiwekwe sakafuni mahali mtoto anapoweza kuifikia. Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga wala mafuta. Pini, sindano na vifungo viwe na kopo lenye mfuniko, kwani mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni.

Mwanga na macho

Mama yule aliniambia jambo lingine kwa kicheko, kwamba siku hizi uzi kwenye sindano anatungiwa na binti yake. Hilo nalo lilikuwa na sababu. Kuanzia kama miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na mtu hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Hii ni hali ya kawaida inayompata takribani kila mtu. Hata hivyo fundi asiyeona karibu huinamisha shingo, hukunja uso na kukaza macho kutwa nzima, naye jioni kichwa kinamgonga.

Dawa yake ni miwani ya kusomea. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini nchini Bangladesh, kwa watu zaidi ya 800 wa miaka 35 hadi 65, wakiwemo mafundi wa kushona. Nusu yao walipewa miwani ya kuonea karibu na nusu hawakupewa kwa wakati huo. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa kilikuwa kikubwa kuliko cha wenzao kwa zaidi ya asilimia 30. Basi fundi anayejibana asinunue miwani, ajue kuwa huenda anapoteza zaidi ya bei yake. Lakini kabla ya kununua, kapimwe macho hospitalini, kwa sababu presha ya macho na kisukari huharibu macho polepole bila maumivu.

Kuhusu mwanga, weka cherehani au meza yako karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni. Taa ikiwa nyuma yako utajitilia kivuli mwenyewe, na ikiwa mbele itakuumiza macho. Kwa anayetumia kompyuta, kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho. Kompyuta ya mapajani inyanyuliwe juu ya boksi imara, na utumie kibodi ya pembeni ukiipata. Anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, macho yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Fundi wa cherehani naye afanye vivyo hivyo.

Kiti na mgongo

Mafundi wengi hukalia kigoda au kiti chochote kilichopatikana. Kipimo ni rahisi. Ukikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini au kwenye kikanyagio, magoti yakunjike kama pembe ya meza, na viwiko viwe usawa wa meza bila mabega kupanda. Kiti kikiwa kifupi, ongeza mto mgumu. Kikiwa kirefu, weka ubao chini ya miguu. Kunja kanga au taulo uiweke nyuma ya kiuno ili mgongo upate pa kuegemea. Hayo yote hayana gharama.

Lakini ikumbukwe kuwa hakuna kiti kizuri kiasi cha kukaliwa saa nne mfululizo. Misuli inayoshikilia mwili mahali pamoja huchoka, na damu ya miguuni hupanda kwa uzito. Sala hutusaidia sana hapa. Sala ni ibada na hatuiswali kwa ajili ya mazoezi, ila hatuwezi kukana kuwa inamnyanyua mtu kitini, inamtoa kwenda kutia udhu na kumtuliza. Hata hivyo, anayeanza kazi saa mbili asubuhi ana zaidi ya saa nne mpaka Adhuhuri. Hapo katikati simama walau kila nusu saa, nyoosha mikono, tembea mpaka uwani, kunywa maji. Baadhi ya mafundi hujinyima maji ili wasiende msalani. Hilo ni kosa, huleta kuumwa kichwa na matatizo ya mkojo.

Zipo dalili zisizongoja: ganzi ya kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata inayokuamsha usiku, mguu mmoja kuvimba na kuuma kigimbi, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo. Ganzi ya vidole ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, kapimwe mapema. Hizo mbili za mwisho nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Muda wa kazi na haki ya nyumba

Nimelichelewesha jambo hili kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Anayefanya kazi nyumbani hana kengele ya kufunga. Tufanye hesabu. Mtu akianza saa mbili asubuhi na kumaliza saa nne usiku, ukitoa saa nne za sala, chakula na shughuli nyingine, amefanya kazi saa 10. Kwa siku sita ni saa 60. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17.

Kwa mwanamke kuna mzigo wa pili. Kwa kuwa yupo nyumbani, kila mtu anamhesabu kuwa hana kazi. Huyu anataka chai, yule anauliza soksi zake, jirani anamwachia mtoto. Mchana wake unakatwakatwa, naye hufidia kwa kushona usiku wakati wenzake wamelala. Waume na vijana, tulitazame hili. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (RA) kuwa Mtume (SAW) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na inapofika sala hutoka kwenda kuswali. Aliye bora kuliko sisi hakuona haya, basi sisi tunaona haya ya nini?

Nyumba ikae pamoja ikubaliane. Saa za kushona zijulikane, na katika saa hizo mwingine apokee wageni na kuangalia watoto. Wateja waelezwe mwisho wa kupokelewa. Fundi ahesabu ni nguo ngapi anamaliza kwa siku bila kukesha, na oda isizidi hapo, kwani ahadi asiyoiweza humtesa yeye na mteja. Baada ya Isha cherehani ifunikwe na kompyuta izimwe. Kama kazi inafanyikia chumba cha kulala, weka hata pazia, ili ukilala usiwe unaitazama kanzu isiyo na mikono.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili. Cherehani ilikuwa imehamia ukumbini karibu na dirisha, na vitambaa vyeupe anavifunika kwa shuka safi badala ya kufunga dirisha. Pasi iko uwani. Kichwa kiliacha kumuuma siku chache tu baada ya hapo, na binti naye amepona. Miwani amepata. Nikamuuliza kuhusu Isha. Akacheka, akasema, "Hilo bado nalipigania, mwanangu. Baba yao ndiye anayekuja kuzima taa."

Ndugu msomaji, leo jioni kabla ya Magharibi, ingia chumba unachofanyia kazi. Tazama dirisha, tazama taa ilipo, tazama kiti, na uliza pasi inakaa wapi. Anza na hiyo pasi.

Wabillahi tawfiq.