Kutembelea Mapango ya Mlima Elgon: Mambo ya Kuzingatia

Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, katika Kaunti ya Trans Nzoia, ilianzishwa mwaka wa 1968 na ina ukubwa wa kilomita 169 za mraba. Wageni wengi huvutiwa na mapango yake, hasa Kitum, Makingeny na Chepnyalil. Kitum limeingia mlimani takriban mita 200, nao ndovu huingia humo usiku na kuchimbua miamba kwa pembe zao ili wapate chumvi. Ziara hii yahitaji maandalizi ya fedha na ya usalama.

Kabla ya kulipa

Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia jukwaa la eCitizen, wala si kwa fedha taslimu. Viwango hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni kutoka nje, na kati ya mtu mzima na mtoto. Kwa hiyo beba kitambulisho. Kumbuka kwamba kiingilio hakijumuishi usafiri wala malazi. Barabara za mbugani huteleza wakati wa mvua, na gari lisilofaa linaweza kukwama. Miezi ya Desemba hadi Februari huwa na ukavu zaidi.

Ukinunua safari kwa kampuni, thibitisha kwamba ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA). Dai maandishi yanayoeleza yaliyomo katika bei, aina ya gari, na kiasi utakachorejeshewa safari ikiahirishwa. Usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata ukiambiwa kwamba nafasi zinakwisha.

Ndani ya pango

Mwaka wa 1980 na mwaka wa 1987, wageni waliokuwa wamezuru Kitum waliugua homa ya Marburg, wakafariki. Virusi vyake hubebwa na aina ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Tahadhari hii haimaanishi kwamba ziara haifai, bali kwamba mgeni ana haki ya kuelezwa mapema. Tunashauri yafuatayo:

- Uliza langoni kama pango liko wazi, na uingie ukiandamana na askari wa wanyamapori au mwelekezi.
- Vaa barakoa, glavu, mikono mirefu na viatu visivyoteleza.
- Usiguse popo wala kinyesi chao. Usile wala kunywa pangoni.
- Usiingie ukiwa na jeraha wazi.
- Beba tochi mbili, na unawe mikono kwa sabuni utokapo.

Ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya ziara, nenda hospitalini bila kukawia, na umweleze daktari kwamba uliingia pangoni. Asipojua hilo, huenda akakutibu malaria pekee.

Ukitendewa isivyo haki

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa, ya kupewa habari na ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Hifadhi stakabadhi, mkataba na ujumbe wote. Iandikie kampuni kwanza ukitaja tarehe na kiasi unachodai. Isipokujibu, wasilisha malalamiko kwa TRA pamoja na nakala za ushahidi huo.