Mchezo wa kompyuta ukikwamakwama, chunguza mipangilio kabla ya kununua kadi mpya

MTEJA aliyelipa ili acheze kandanda kwenye kompyuta hana subira na picha zinazokwamakwama. Mpira ukionekana hapa, kisha pale, bila kuonekana njiani, yeye huinuka na kwenda kibanda cha jirani. Kwa mwenye kibanda katika mtaa kama Kambi Muru, Kibera, hiyo ni hasara, na wazo la kwanza aghalabu huwa kwenda Luthuli Avenue kutafuta kadi mpya ya grafiki.

Safari hiyo yafaa kungoja. Kadi mpya haiwezi kuiponya prosesa iliyolemewa wala feni iliyozibwa na vumbi. Isitoshe, nyingi za kompyuta ndogo za mezani zilizotumiwa ofisini kabla ya kuuzwa kama mitumba hazina nafasi wala umeme wa kutosheleza kadi kubwa. Katika vipakatalishi, kadi hiyo kwa kawaida haibadilishiki.

Mchezo wa kompyuta, kama filamu, ni picha tuli zinazofuatana upesi. Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini zote zimekwisha kutengenezwa. Katika mchezo, kila picha huchorwa papo hapo. Ili kutoa picha 60 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 17 za kuchora kila moja. Kwa picha 30, ina milisekunde 33. Ikichelewa, jicho hutambua.

Kazi hiyo hugawanywa. Prosesa huamua mchezaji yuko wapi na mpira unaelekea wapi, kisha sehemu ya grafiki huchora. Mmoja akichelewa, mwenzake hana budi kumngoja. Swali la kwanza basi ni hili: nani anayemchelewesha mwenzake?

Lipo jaribio lisilogharimu hata senti. Fungua mipangilio ya mchezo, tafuta sehemu iliyoandikwa “Resolution” na upunguze idadi ya nukta za picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 1280 kwa 720 ina 921,600, yaani chini ya nusu. Iwapo mchezo utakuwa mwepesi mara moja, mchoraji ndiye aliyelemewa. Usipobadilika, tatizo liko kwa prosesa, memori au joto.

Ikiwa ni mchoraji, anza kwa kupunguza vivuli, maana hula nguvu nyingi na mchezaji hawahitaji ili afunge bao. Kisha punguza ulainishaji wa kingo za picha. Badilisha jambo moja kwa wakati na uandike matokeo, la sivyo hutajua lililosaidia.

Angalia pia “V-Sync”, mpangilio unaoilazimisha kompyuta kwenda sambamba na skrini. Ni kama abiria wa basi linaloondoka kwa saa maalumu: akichelewa kidogo tu, hungoja la pili. Hivyo, kwenye skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde, mtambo unaoweza kutoa picha 55 huenda ukashuka hadi 30. Uzime, ulinganishe.

Wakati mwingine kasi imefungwa na mchezo wenyewe. Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2005, una kizuizi katika mipangilio yake ambacho kikiwashwa hauvuki picha 25 kwa sekunde, hata katika mtambo wa bei ghali.

Iwapo ni prosesa, punguza umbali wa kuona na wingi wa watu au magari mchezoni. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows, uone programu zinazofanya kazi kichinichini. Kivinjari kilichoachwa na kurasa nyingi chaweza kuinyima kompyuta memori.

Memori yenyewe ni muhimu zaidi pale ambapo grafiki imejengwa ndani ya prosesa, kwani haina memori yake na huazima ya kompyuta. Katika mitambo mingi ya aina hiyo, vipande viwili vya GB 4 hupitisha data upesi kuliko kipande kimoja cha GB 8. Hilo ni badiliko la bei nafuu kuliko kompyuta mpya.

Kuhusu joto, dalili yake iko wazi: mchezo huanza vizuri, kisha huchoka baada ya dakika kadhaa. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi ili zisiungue. Chini ya paa la mabati, mchana wa jua kali, hali hiyo haiko mbali. Zima mtambo, uchomoe waya wa umeme, safisha feni na matundu ya hewa, na usiubane ukutani. Kipakatalishi nacho kichezewe kikiwa kimeunganishwa na umeme, kwa kuwa kikitumia betri hupunguza kasi.

Baada ya hayo yote, ikiwa jaribio la nukta bado lamshtaki mchoraji, basi fedha na zitolewe. Lakini pima kwanza nafasi iliyomo ndani ya kompyuta na usome kiwango cha umeme kilichoandikwa kwenye kisanduku chake cha umeme. Mnunuzi mwenye vipimo hivyo si rahisi kuuziwa kadi isiyomfaa.