Modemu Bubu si Modemu Mfu

Mwezi wa Agosti 2004, Rwanda ilipeleka kikosi chake cha kwanza Darfur, nchini Sudani, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Kwa jamaa waliobaki nyumbani, mathalani mjini Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, barua ya kompyuta ilikuwa njia mojawapo ya kumjulia hali baba aliye mbali. Kompyuta ya nyumbani iliipeleka barua hiyo katika waya wa simu, kwa msaada wa modemu. Modemu ilipokataa, nyumba nzima ilikosa habari. Na hapo ndipo ilipokuwa rahisi kupoteza fedha bure kwa kununua nyingine.

Chanzo cha ububu

Modemu kamili ina ubongo wake yenyewe. Modemu ya programu, iliyokuwamo katika kompyuta nyingi za bei nafuu, haina. Kazi ya kugeuza habari kuwa sauti, na sauti kuwa habari, huachiwa kompyuta. Ili kompyuta iweze kazi hiyo, sharti iwe na draiva, yaani programu inayoifundisha kukitumia kifaa. Watengenezaji wengi waliandika draiva za Windows peke yake. Kwa hiyo katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, modemu nzima kabisa ilikaa kimya kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Utaratibu wa kuchunguza

Kwanza ni waya. Simu ya kawaida huchomekwa katika tundu lile lile. Pasipo mlio, kosa liko nje ya kompyuta.

Pili, amri ya lspci huorodhesha kadi zilizomo. Jina la mtengenezaji wa chipu ndilo linaloonyesha draiva ya kutafutwa.

Tatu, draiva sharti ilingane na toleo la kiini cha Linux. Modemu iliyofanya kazi jana ikanyamaza baada ya Linux kubadilishwa, mara nyingi imepoteza draiva tu.

Nne ni kusoma jibu. NO DIALTONE maana yake modemu haikusikia mlio. Ikiwa simu ya kawaida iliusikia, huenda modemu imepangiwa mlio wa nchi nyingine. Amri ATX3 huiagiza ipige bila kuungoja. BUSY maana yake laini ya pili inatumika. NO CARRIER maana yake modemu mbili hazikupatana, au maongezi yalikatika.

Radi

Yapo pia maradhi yasiyo na dawa. Eneo la Kivu ni miongoni mwa yale yapigwayo na radi nyingi mno duniani. Umeme wa radi hupita katika waya wa simu na kuiunguza modemu, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Dawa ni kuchomoa nyaya zote mbili mawingu yanapoanza kutanda. Ngurumo ikishafika juu ya paa, kuzishika ni hatari kwa mtu.

Leo simu za mkononi na nyaya za nuru zimechukua nafasi ya modemu hizo. Lakini mashine ya kuchapa au kadi ya Wi-Fi ikinyamaza katika Linux, utaratibu ni ule ule. Mtuhumiwa hahukumiwi kabla ya ushahidi. Kifaa cha nyumbani nacho kisitupwe kabla ya kuchunguzwa.